Jumba la Picha Juu ya Mto Enyau

Mwalimu wangu Ilunga,

Lingesimama! Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya salamu. Jumba lako la kuonyeshea picha za kuchora lingesimama juu ya Enyau, na sasa ofisi nzima ya ujenzi hapa Arua inajua.

Unakumbuka mkuu wetu alivyofunua ramani yako akacheka. Zile nguzo kumi na mbili za Kigiriki, lile paa la pembetatu, milango miwili, mmoja kila ukingo wa mto. Akasema mbele ya wote, "Mvua ya kwanza tu, hii yote iko Nile." Wiki iliyofuata wakakuachisha kazi. Ulikunja ramani polepole ukanikabidhi mimi, msichana uliyemfundisha kushika rula. "Chunga hii, Ayikoru. Mutu wa ng'ambo hii na mutu wa ng'ambo ile watakutana katikati, mbele ya picha." Ukaenda kwa dada yako, kule mjini Koboko, na huko tukakuzika.

Sikulia sana, Mwalimu. Nilikuwa na hasira. Misimu miwili ya mvua, kila mto ulipofurika, nilishuka na fimbo yako ya kupimia. Wanawake wa Pajulu waliokuja kuteka maji walidhani nimechanganyikiwa. Hata mara moja maji hayakufikia kimo cha sakafu uliyoichora. Hata ile siku yalipobeba daraja la mbao, yalibakiza kimo changu kizima!

Mwezi uliopita akaja mhandisi kutoka Kampala kukagua barabara ya Koboko. Nikaingia ofisini kwa mkuu bila kuitwa, nikatandaza ramani na daftari langu la vipimo. Mkuu akasema, "Huyu leo anaenda nyumbani." Mhandisi akamwashiria anyamaze. Alipiga hesabu tangu asubuhi mpaka chai ya jioni, zile nguzo za katikati akazirudia mara tatu. Kisha akauliza, "Nani alichora hii?"

Nikataja jina lako. Lote, kwa sauti.

"Mzee huyu alijua kazi. Lingesimama miaka mia." Akayaandika hayo pembeni mwa ramani, akatia sahihi. Mkuu akageuka kutazama dirishani. Mimi nikatoka nje nikapiga vigelegele barabarani, peke yangu, watu wakishangaa.

Jumapili tuliitundika ramani yako kwenye ukumbi wa kanisa, Koboko. Watu walikuja kwa miguu kutoka Kuluba. Dada yako aliigusa kwa kidole, nguzo moja moja, akasema, "Kumbe ndugu yangu hakuwa kichaa," akacheka huku machozi yakimtiririka.

Sikufichi: saruji haipatikani siku hizi, na jumba halitajengwa. Lakini nimepewa wasichana wawili niwafundishe kuchora. Nakuahidi, watajifunza kwenye karatasi yako, na jina lako watalijua kabla ya langu.

Pumzika sasa, Mwalimu. Umeshinda.

Mwanafunzi wako,
Ayikoru