Breka ya Mashine ya Babu

Same, Jumanne jioni

Shikamoo Baba,

Natumaini kifua kimeachia na mpunga umepata maji. Mimi ni mzima, ila usingizi hauji. Nimekupigia mara mbili, nikaishia kukusalimia tu. Unanijua. Hapa karakana wananiita Bubu. Ndiyo maana nakuandikia. Konda wa basi la Maore atakupa barua hii na kifurushi.

Ijumaa Fundi Mbazi alinichukua hadi Jipe, kwa mzee mmoja muuza samaki. Banda lake la friji la sola liliungua, na mkewe akafia humo ndani. Yule mama aliona moshi, akakimbilia kuzima breka, ile swichi ya kukata umeme wa betri. Tuliikuta imeyeyuka nusu, swichi yake imeshushwa chini. Aliizima, Baba. Moto uliendelea ndani yake.

"Mzee, hii ni ya umeme wa nguzo," Fundi alisema. "Kwenye betri cheche haikatiki. Ya betri huandikwa DC."

"Kwani breka si breka, mwanangu?"

Mimi akilini nikaiona breka ya kwetu, ile uliyoing'oa kwenye mashine ya kusaga ya Babu ukaifunga kwenye betri ya sola yetu, ukawaambia majirani kubwa hailemewi. Nayo ni ya umeme wa nguzo. Na huo ukubwa ndio mbaya: waya wetu mwembamba utaungua kabla haijakata. Na kila usiku anayepanda kiti kuizima ni mdogo wangu Elia.

Nilipomweleza Fundi alisema, "Kumbe Bubu anaongea! Sasa kamwambie baba yako." Nikalia mbele ya watu. Naogopa kukukosoa, tena kwa kitu cha marehemu Babu.

Kwenye kifurushi kuna ya DC, tumeichagua kwa unene wa waya wetu na volti za betri. Zima taa na TV kwa swichi zake, halafu inveta, ndipo ufungue waya kwenye betri. Jinsi ya kuifunga nimechora nyuma ya karatasi hii. Hata kama hutaifunga leo, waya uufungue leo.

Mama nampa shikamoo, na Bibi pia, asiache dawa. Elia mwambie kiti akirudishe jikoni.

Kasirika, Baba, ila kasirika gizani. Jumapili baada ya ibada nitapiga. Nikinyamaza, usikate.

Binti yako,
Nakijwa