Maneno Yale Yalikuwa Yangu, Dada Twilumba

Dada yangu Twilumba,

Kamwene. Najua huko Mbalizi kwa mama mdogo watu wamekuamkia kwa Kisafwa au Kinyakyusa, nawe umejibu unavyoweza, kwa hiyo nimeona nianze na salamu ya nyumbani. Sisi wazima. Baba mzima, ni mgongo tu unamsumbua. Mama mzima. Lile debe ulilokuwa ukiegemezea simu bado lipo palepale kibandani. Kila mtu hujikwaa nalo na hakuna anayelihamisha.

Barua hii ni ya wazi. Wasichana wenzangu wa bwenini wataisikia, na watu wa kwenye ukurasa wako wataisoma. Sababu nitakueleza nikifika huko chini. Niache kwanza nitembee polepole, maana nikienda haraka nitaogopa.

Kumbukumbu yangu ya kwanza si ya uso wako, ni ya shingo yako. Nilikuwa mgongoni mwako, umenifunga kwa kitenge cha mama, unapita kati ya matuta ya vitunguu na jua la Ruaha Mbuyuni linatuwakia sote wawili. Mama akaita kutoka mferejini, "We Twilumba, mshushe huyo, ana miguu!" Nawe ukajibu bila kugeuka, "Miguu yake bado mibichi, mama." Mpaka leo nyumbani nikichelewa kuamka huulizwa kama miguu yangu bado mibichi.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuchambua vitunguu. Ulinikalisha kwenye gunia tupu, ukaweka viwili mkononi mwangu, vyote vyekundu, vyote vinang'aa. "Kipi kibovu?" Nikakuonyesha kile chenye ganda lililochanika. Ukacheka. "Usitazame ganda. Bonyeza shingo. Kikikataa, kizima. Kikibonyea, kimeshaoza ndani." Kilichobonyea kilikuwa kile kizuri kuliko vyote.

Hayo hayo ndiyo uliyokuwa ukiwafundisha watu kwenye video zako. Nakuona ulivyokuwa ukiinama kuangalia kama simu imekaa vizuri kwenye debe, unafuta jasho, unaanza: "Wakulima wenzangu, msikate shingo ikiwa mbichi. Subirini ilale yenyewe." Mimi nilikuwa nyuma ya simu nikiwafukuza kuku. Hakuna aliyejua kwamba kila video ilikuwa na mfukuza kuku wake.

Unakumbuka yule mtu wa kwanza kututania? Aliandika, "Mhehe anafundisha kilimo! Salamu kwa mbwa wenu, kama bado yupo." Baba, aliyezoea sisi Wahehe kutaniwa kwamba tunakula mbwa, alicheka mpaka akavua kofia. "Huyo mtani huyo! Mjibu mwanangu, usimwache hivihivi." Ukaandika kwamba mbwa mzima, na anauliza yeye atakuja lini. Yule mtu akajitaja jina na kijiji chake, na mavuno yaliyofuata alikuja mwenyewe kununua vitunguu. Alipofika alimwamkia mbwa kabla ya kumwamkia baba.

Nadhani hapo ndipo tulipokosea sote. Sisi tumekulia kwenye utani. Babu alipofariki, mtani wake alivaa kofia ya marehemu akatembea katikati ya waombolezaji akichechemea kama babu, akisema, "Mzee huyu alikuwa mchoyo, hata roho yake kifo kimemnyang'anya kwa nguvu!" Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Kisha mtani yule yule akashika jembe akachimba kaburi, akapasua kuni, akaondoka wa mwisho. Kwa hiyo maneno makali yalipoanza kuja kwenye video zako, baba alisema, "Watani hao, watachoka." Nasi tukaamini.

Hawakuwa watani. Mmoja aliondoa sauti yako kwenye video akaweka ya mbuzi, na wengine wakaisambaza. Wengine wakasema una mikono ya mwanaume. Wengine waliandika mambo ambayo msichana hawezi kumsomea mama yake. Namba uliyoiweka kwa ajili ya wanunuzi ikaanza kuita mchana kutwa, ukipokea unasikia watu wanacheka, au mwanaume anakuambia atakufuata Mbuyuni. Ukawa unaifunika simu kwa kanga kama mtoto anayelia.

Kisha ukaanza kuvaa sweta. Jua lile la Mbuyuni, watu wote wamevaa kandambili na fulana, nawe umevaa sweta la kijani la mikono mirefu. Mama akakuuliza kama una homa, ukasema ndiyo. Haikuwa homa. Ulikuwa unaificha ile mikono iliyonibeba.

Sasa nafika mahali penyewe.

Ilikuwa likizo ya Juni, alasiri. Ulikwenda kugeuza maji shambani ukaniachia simu niiangalie isizimike. Mtu mmoja asiye na jina, ameweka herufi na namba tu, aliandika neno baya juu yako na juu ya mama aliyekuzaa. Nikafanya kile ambacho kwetu mtoto anafundishwa kumfanyia mtani: mtani akikurushia moja, mrushie kumi. Nikaandika kwa jina lako, maana simu ilikuwa yako. Sikumtukana yeye peke yake. Nilidhani nalijua kabila lake kwa jinsi alivyoandika, nikalitukana kabila zima, wazee wake, mila zao, chakula chao, hata makaburi yao. Maneno yenyewe sitayarudia hapa. Nilipobonyeza kutuma, nilijisikia shujaa. Nilikusubiri urudi nikuonyeshe.

Uliporudi, maneno yale yalikuwa yameshapigwa picha na kupelekwa kila mahali. "Oneni mdomo wa huyu muuza vitunguu." Watu ambao hawajawahi kukuandikia neno baya walikuandikia siku ile, na baadhi yao walikuwa na haki ya kuumia, kwa sababu wao ni wa kabila nililolitukana na hawakutukosea chochote.

Hukunipiga. Ulisoma, ukafuta, ukakaa chini juu ya gunia. Kisha ukaomba radhi kwa jina lako, ukaandika kwamba ulikasirika. Baba aliposikia alikukaripia mbele yangu. "Mimi nimekulea utukane makaburi ya watu?" Ukatazama chini. Nami nikatazama kuku.

Agosti ulipohamia Mbalizi, basi lilisimama hapa Nyololo, karibu na shule yetu, dakika chache, na mwalimu wa zamu alinipa ruhusa nije nikuone barabarani. Ulifungua dirisha. Upepo wa huku unaujua, unapita kwenye mifupa. Ukavua lile sweta la kijani ukanitupia. "Vaa. Baridi ya huku si ya mchezo."

"Na wewe, dada?"

"Mimi huko nitapata jingine."

Nikafungua mdomo kukuambia kwamba nitasema ukweli kwa baba. Ukaujua ukweli wangu kabla haujatoka. Ukainama dirishani ukasema taratibu, "Sikiliza, Faraja. Yale niliandika mimi. Wewe una shule. Umesikia?" Nikatikisa kichwa kukubali. Basi likaondoka. Nilisimama pale nimevaa sweta lenye harufu ya vitunguu, nikijua kwamba umenibeba tena mgongoni, na safari hii miguu yangu haikuwa mibichi hata kidogo.

Dada, barua hii inavunja ahadi ile. Nisamehe.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Muhula uliopita mwalimu wetu wa malezi alitufundisha kuhusu chuki na unyanyasaji wa mitandaoni. Alituambia tusiwajibu watu tukiwa na hasira. Tupige picha ya maneno pamoja na tarehe yake kabla hayajafutwa, tumzuie aliyeandika, tutoe taarifa kwa wenye mtandao, na tumwambie mtu mzima tunayemwamini. Akasema anayemdhihaki mtu kwa kabila lake ili wengine wamchukie, hata kama ameanza kwa kuchokozwa, anaeneza chuki. Wenzangu walikuwa wakiandika kwenye madaftari. Mimi nilikuwa nimevaa sweta lako na sikuweza kuandika.

Likizo ya Desemba nilichukua ile simu uliyoiacha nyumbani, nikamwomba mama tutazame maneno yale pamoja. Unajua mama kusoma kunampa shida. Kwa hiyo nilichana daftari la zamani, nikanakili kila neno kwenye kikaratasi chake, nikamfuata kibandani alikokuwa akichambua vitunguu vya ghalani. Nikawa nasoma, yeye anasikiliza huku anabonyeza shingo.

Nilisoma cha kwanza. Mama akasema, "Huyu jina lake nani?" Nikamtajia. "Huyo mtani, weka huku."

Cha pili kilisema unadanganya, kwamba kwao shingo hukatwa ikiwa mbichi na vitunguu havivundi. "Huyo anabisha tu. Mkulima huyo. Weka katikati."

Cha tatu nilisita kukisoma. "Soma," mama akasema. "Kama mwanangu alikisoma peke yake, mimi nitashindwa kukisikia?" Nikasoma. Mama hakulia. Aliuliza tu, "Jina?" Nikasema hana jina, ni namba na herufi. "Basi si mtani. Mtani anakutukana unamwona meno, na msibani anakuja kupasua kuni. Huyu atapasua kuni za nani?" Akaonyesha upande wa kulia, ambako vitunguu vibovu vilikuwa vimerundikwa.

Tuliendelea hivyo mpaka nikafika kwenye kikaratasi ambacho sijui kwa nini nilikinakili kutoka kwenye zile picha zilizosambazwa. Pengine mkono wangu ulikuwa umechoka kuficha. Nilikisoma haraka haraka. Mama akaacha kubonyeza.

"Rudia."

Nikarudia.

"Huyu naye ana sumu. Jina lake nani?"

"Limeandikwa jina la dada."

Mama alikiweka chini kitunguu. "Twilumba nimemzaa mimi. Hasemi hivi. Nakuuliza, jina lake nani?"

Nikasema, "Faraja, mama. Ni mimi."

Alikichukua kile kikaratasi kwa mkono wake mwenyewe, akakiweka upande wa kulia, pamoja na vibovu. Nilidhani nitafukuzwa. Mama alisogeza gunia akanipa nafasi nikae. Akauliza, "Dada yako anajua?"

"Anajua."

"Akanyamaza." Akafuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na vitunguu. "Ulitukana mbele ya watu. Kuniambia mimi kibandani hakutoshi."

Kisha akavitazama vikaratasi vyote, akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Na waliosema vizuri wako wapi?"

Sikuwa nimewanakili, dada. Nilipekua kila kitu nikamletea machungu tu. "Ala! Gunia zima umechambua, ukaniletea mabovu peke yake?" Nikarudi kwenye simu. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, walikuwa wamefunikwa tu. Yupo mama mmoja aliyeandika kwamba mwaka huu hakutupa hata debe moja la vitunguu kwa sababu alikusikiliza. Yupo kijana aliyewaambia wengine, "Mwacheni dada afanye kazi yake," siku ile mbaya kuliko zote. Yule mtani aliyemwamkia mbwa ameandika mara tatu kuuliza uko wapi. Mama aliniambia nimsomee hao mara mbili.

Baba naye nilimwambia mwenyewe. Akasema, "Nilimkaripia asiyekosa." Siku iliyofuata alichukua picha nilizopiga za vitisho na za namba za wapiga simu akazipeleka dawati la jinsia polisi. Askari alisikiliza, akaandika maelezo. Sijui itachukua muda gani. Walisema namba yako usiitupe, na ukitaka kuongeza maelezo unaweza kuyatoa hata huko Mbeya.

Shule ilipofunguliwa nilikwenda kwa mwalimu wa malezi kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Niliogopa, maana wewe ulinyamaza ili nisipoteze shule. Hakunifukuza. Alinisikiliza, akasema suala hili litajadiliwa na walimu, na adhabu inaweza kuwepo. Nimekubali. Akaniuliza nataka kufanya nini, nikasema nataka kusoma barua hii mstarini Jumatatu. Baba ataiweka kwenye ukurasa wako siku hiyo hiyo, ukiruhusu. Ukikataa, mpigie, naye hataiweka.

Kwa wale niliowatukana kabila lao: nakosa pa kuanzia. Hamkunifanyia kitu. Mtu mmoja alinikasirisha, nami nikawapiga ninyi wote, tena kwa kujificha nyuma ya jina la dada yangu. Naomba mnisamehe.

Kwako, dada, sikuombi urudi kwenye video. Huenda umechoka, na una haki ya kuchoka. Ninachotaka ni kwamba ukipita sokoni Mbalizi, mtu akikutazama sana, usifikiri kwamba lazima ubebe maneno ambayo hukuyasema. Nimekuja kuyachukua. Nishushe sasa, nina miguu.

Sweta lako nimelifua. Likizo ya Juni nitalirudisha, kama utakuja nyumbani. Mbuyuni joto ni lile lile, hutalihitaji, lakini ni lako. Nitakusubiri kibandani, na kuku nitawafukuza mimi, hata kama simu haipo kwenye debe.

Kaa salama, msalimie mama mdogo, na ukinawa mikono yako kumbuka kwamba kuna mtu aliyelala usingizi wake wa kwanza juu yake.

Mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni,
na safari hii kwa jina langu mwenyewe,
Faraja