Ramani ya Nyumba za Shika Adabu

Jumatatu, 4 Juni 1962
Mjukuu wangu Mwanamkasi kaja na ramani ya nyumba za wafanyakazi, zitakazojengwa Shika Adabu. Kaitandaza mkekani. Skuli sikuikanyaga, herufi nilizo nazo ni za chuo cha Kurani — lakini nyumba naijua. Nikamuuliza kibla ki wapi hapa. Akanionyesha. Basi choo mmekielekeza kibla, tunakoswalia. Na ua hakuna. Mke wa mtu ataoga wapi, barabarani? Kasema si yeye. Aliyeipanga ni mzungu wake wa ofisini, yeye kainakili tu.

Jumanne, 5 Juni
Kamwambia mzungu. Jibu: kazi yako kunakili. Elkana, wa meza ya pili, mtu wa bara, akamcheka: utapanda ngazi za mjengo na buibui? Nikasema mjibu, buibui huvuliwa, ujinga je? Katabasamu. Kula hakula.

Alhamisi, 7 Juni
Nimelijua linalomkaba. Chuo cha Nairobi kinataka barua ya mzungu ndipo kimfunze kupanga majumba. Meza tisa ofisini, mwanamke ni yeye pekee, na yeye wa kunakili. Barua imeandikwa, sahihi bado — mpaka Jumamosi wazee wa Shika Adabu waikubali ramani. Kaniapisha: Nyanya, barazani usitie neno. Mimi! Nimeapa. Wallahi ulimi waniwasha.

Jumamosi, 9 Juni
Nilikaa na wanawake, leso nimeiuma meno. Mzungu kaeleza, Elkana katafsiri, wazee wakaitikia. Mzee Mbwana kainua mikono aombe dua ya kufunga. Mara sauti nyuma ya mzungu: "Uniwie radhi, mzee. Choo kimeelekea kibla."
Mwanamkasi.
Akaeleza yote. Ua ukae wapi, mlango ugeuzwe vipi. Hakuna aliyemkata kauli. Mzee Mbwana akauliza binti wa nani huyu. Nikasema wangu — hilo sikuliapia. Mzungu kakunja ramani, shingo nyekundu. Kamwambia Mwanamkasi neno moja tu: Jumatatu saa mbili, ofisini.

Jumatatu, 11 Juni
Asema hajuti. Alfajiri alivifunga vyombo vya ofisi, rula na penseli, akavirudishe. Nikavifungua. Nikamchongea penseli zote kwa kisu cha samaki. Asiende na butu.
Elkana kampitia waende feri pamoja. Kasema mzungu alishinda ofisini jana, Jumapili, ramani mezani, anafutafuta. Anafuta nini? Hajui. Kambebea rula.
Saa saba sasa. Mlangoni nimetoka mara sita. Aliyefukuzwa saa mbili angekuwa keshafika.