Macho ya Shangazi Nyanjige

Jumatano, 3 Julai 1996

Kipara kingine! Cha tatu hiki – nyuma ya sikio, laini, saizi ya kizibo cha soda. Nywele nimeziacha kwenye mto. Nimefunga kitambaa nikaenda kazini. Wanunuzi binafsi wanagombea pamba Bariadi nzima, wakulima wanaringa, na mimi karani wa mizani mkono unatetemeka. Moyo unakwenda mbio nimekaa tu. Mdogo wangu Mayunga anasema hii si bure. Nimemwambia aniache. Lakini naogopa.

Jumapili, 7 Julai

Asubuhi kanisani, mchana kwa mfumu, mganga wa kupiga ramli – ndiyo, mimi Specioza wa kwaya! Mayunga alibeba kifaranga. Nikakitemea mate, mfumu akakipasua asome ya ndani. Akasema ni mwanamke wa upande wa baba, macho mekundu, nywele zangu zilipita mikononi mwake.

Mayunga akanitazama. Pasaka nilisukwa na Shangazi Nyanjige, kwake Mwandoya. Macho yake makubwa, mekundu, yametoka, na shingo imevimba. Huku kwetu bibi wa namna hiyo huitwa mchawi, hukatwa mapanga. Ningeweza kusema hapana, si yeye. Nilinyamaza. Tangu hapo nahisi vidole vyake kichwani, vinasuka, vinasuka.

Ijumaa, 12 Julai

Hospitali. Daktari amenipapasa shingo, ameniangalia macho muda mrefu. Anasema huenda kinga ya mwili wangu imenigeuka, inashambulia tezi ya shingoni, na nywele pia. Haya mawili mara nyingine huandamana. Damu itapelekwa Mwanza kupimwa. Dawa ipo. Halafu akauliza kama kwenye ukoo kuna mwenye shingo iliyovimba na macho yaliyotoka.

Mungu wangu! Shangazi si mchawi. Shangazi anaumwa. Anaumwa ninachoumwa mimi!

Nimerudi mbio kumwambia Mayunga. Jirani yetu Anna anasema ameondoka na baiskeli, njia ya Mwandoya. Panga halipo nyuma ya mlango.

Jumamosi, 13 Julai

Nimepanda lori la pamba la kwenda Mwandoya. Dereva Athanasi kanionea huruma, lakini anasimama kila kituo cha kununulia. Nimemsihi. Anasema kazi ni ya watu. Naandika nimekalia magunia matupu.

Nimejitazama kwenye kioo cha lori. Nilivyohangaika na nywele, macho sikuyaona! Yametoka. Ya shangazi kabisa.

Baiskeli inakuja kutoka Mwandoya – Mayunga! Peke yake.

Nimeshuka, nimempa mwadila, salamu yetu, hakuitika. Nimemweleza yote, daktari, tezi, damu. Nimemuuliza shangazi yuko wapi. Sasa amechuchumaa kwenye kivuli cha lori, panga magotini, ananitazama. Athanasi anapiga honi twende, mimi sijapanda. Mayunga amesema neno moja tu tangu afike:

“Dada, macho yako yamekuwa hivyo tangu lini?”