Spana ya Mshale, na Biasha Aliyeko Jego

Msambweni,
Pwani ya Kusini.
6 Februari 1957.

Mpendwa ndugu yangu Abdurahman,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii inakukuta u mzima, wewe na mkeo Mwanarusi na watoto wote, na kwamba baridi ya Nairobi bado haijakufundisha kulala na koti. Shikamoo yako uliyoituma kwa mdomo wa watu nimeipata. Marahaba. Siku nyingine iandike mwenyewe, maana sijasikia kwamba umevunjika mkono.

Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelala kitandani. Lakini moyo wangu, ndugu yangu, hautulii hata kidogo. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka, nikitoka nakumbuka nilichokuwa nikitafuta ndani. Jana nilikuwa nikimpimia mtu mbata zake za nazi, nikasahau nimeweka jiwe gani kwenye mizani, ikabidi nianze upya huku mwenyewe akinitazama kwa jicho baya. Hata barua hii naiandika nimesimama.

Nitakwambia sababu. Mwanangu Biasha, ambaye wajua kuwa ndiye pekee niliyejaaliwa, ana mimba yake ya kwanza, na mwezi wake umekaribia. Wajua pia ada yetu, kwamba mimba ya kwanza msichana hurudi kuzalia kwa mamake. Tulikubaliana na mumewe, Waziri, kwamba nitakwenda kumchukua kwao Jego mara tu mpunga utakapokwisha kuvunwa. Mamake, Mwanasha, akatayarisha chumba, akapaka kuta chokaa, akashona na mto mpya. Kilichobaki kilikuwa gari tu.

Gari hilo unalijua. Ni lile dogo nililonunua kwa yule Mzungu wa Diani aliyekuwa akirudi kwao, ambalo wewe uliliona ukacheka, ukaniuliza kama nimelinunua au nimelipwa nilichukue. Basi limenilipa. Siku niliyotoka kwenda kumleta Biasha, nilifika kidogo tu mbele ya Ramisi, likaanza kutoa moshi mweupe na maji kuchemka. Nikavutwa kurudi nyumbani nyuma ya lori la miwa, watu wakinipungia mikono kama bwana harusi.

Ilikuwa gasketi ya silinda hedi, ile karatasi ya kuziba chini ya kifuniko cha injini, imeungua. Nilinunua mpya, nikafunga mwenyewe chini ya ukuti, kwa spana ya kawaida na nguvu zangu zote. Nilikaza kila nati mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nikadhani nimefanya kazi ya mwanamume. Haikufika hata sokoni ikavuja tena, na safari hii maji yaliingia kwenye oili, ikawa nyeupe kama tui.

Hapo ndipo nilipomwendea Garama. Huyu ni fundi wa mitambo huko kwenye shamba la miwa, kijana wa kutoka bara ya Kaloleni, mpole na mtani. Alitazama hedi yangu akasema, "Mzee Mbwana, hili si gunia la mbata la kukazwa kwa goti. Huku umekaza sana, huku umelegeza. Hedi imekaa upande." Akanieleza kwamba kila injini ina kipimo chake cha kukazwa, na ipo spana maalumu yenye mshale unaokuonyesha umefika wapi, kwa hesabu ya ratili kwa futi. Akaniazima ya kazini kwao kwa siku moja.

Wewe fundi wa karakana ya reli huenda unacheka sasa, maana kwako hicho ni kitu cha kila siku. Kwangu kilikuwa kama kuonyeshwa mizani kwa mara ya kwanza. Miaka yote hii nimeishi kwa kupima mali za watu, na sikuwahi kufikiri kwamba nguvu za mkono nazo hupimwa. Nikamwambia Mwanasha aweke maji ya wali, Biasha atakuwa hapa karibuni.

Nikafunga gasketi ya tatu na bolti mpya. Nikakaza kwa zamu, kuanzia katikati kwenda nje, kama Garama alivyonielekeza, jicho kwenye mshale. Bolti ya nne haijafika hata kwenye namba, nikahisi inalainika mkononi, halafu ikakatika. Nilikaa chini mchangani. Kisha nikachukua ile spana, nikaenda nayo mpaka shambani kwa baiskeli katika jua la mchana, nikamwambia Garama mbele ya wenzake kwamba spana yake ni mwongo na imeniharibia injini. Aliipokea tu, akaifuta vumbi.

Lakini unanijua. Siwezi kulala na kipimo ambacho sijakihakikisha. Kesho yake nilirudi, nikamwomba tuijaribu. Nilikuwa nimechukua mawe yangu ya mizani, yaliyopigwa muhuri wa serikali. Tuliibana spana kwenye jiliwa, ikalala sawasawa, nikapima futi moja kutoka kwenye kichwa chake nikatundika uzito wa frasila moja, yaani ratili thelathini na sita. Mshale ukaenda ukasimama kwenye thelathini na sita, palepale. Nikaongeza uzito, ukaongeza. Nikapunguza, ukapunguza. Ndugu yangu, mizani ya mbata hapa Msambweni ingekuwa na ukweli wa spana ile, pangekuwa na ugomvi mchache.

Sasa kama spana ni kweli, mkosa nani? Garama akaiokota ile bolti iliyokatika akaisugua kwa kidole, akainusa. Akanipa na mimi ninuse. Ilikuwa inanukia mafuta ya nazi.

Nilirudi nyumbani nikamuuliza Mwanasha. Akasema bila wasiwasi wowote, "Ndiyo, nilizipaka. Zilikuwa kwenye sinia barazani, na hewa hii ya chumvi hula chuma usiku mmoja. Mbona panga nakupakia kila siku na husemi?" Na kweli, nani kati yetu wa pwani amewahi kuacha chuma kipya bila kukipaka mafuta? Mamangu alipaka, mamako alipaka. Garama ndiye aliyenifafanulia kwamba bolti zile hukazwa zikiwa kavu. Ukizipaka mafuta zinateleza, na mshale hauna namna ya kujua hilo. Wewe unadhani bado una nafasi, kumbe bolti imekwisha kuvutwa kupita kiasi chake. Sikumgombeza Mwanasha. Alikuwa amezipaka kwa mapenzi, ili mwanawe afike salama.

Nilimwomba Garama radhi mbele ya walewale niliomwaibisha mbele yao, na akanitolea kile kipande cha bolti kilichokuwa kimebaki ndani ya injini. Lakini kuniazima tena hawezi, maana msimamizi wao ametoa amri kwamba kifaa hakitoki tena nje ya stoo. Kwa hiyo nataka yangu mwenyewe, na kwa hilo nakuandikia wewe.

Nilikwenda Mombasa, nikavuka Likoni asubuhi mapema, nikazunguka maduka ya vyuma mpaka miguu ikawaka. Nilionyeshwa spana mbili. Moja ni ya fahari, imo ndani ya sanduku lenye kitambaa. Unaiwekea namba kwa kuzungusha mpini, na ukifika inalia yenyewe, tiki, kama mjusi. Muuzaji aliisifu hata nikadhani ni bintiye ananiozesha. Bei yake, nikiitaja, Mwanasha atalia. Ndani ina springi, na lazima uilegeze kila ukimaliza kazi, ama itaanza kusema uongo. Nikajiuliza, katika chumvi hii springi hiyo itaishi siku ngapi? Na ikianza kusema uongo, nitajuaje, iwapo kazi yake ni kulia tu?

Ya pili ni ya mshale kama ile ya Garama, ni fimbo ya chuma tu na sindano na namba, na bei yake mtu wa kawaida aweza kuibeba. Haina cha kuharibika ndani kwa sababu ndani hamna kitu. Sindano ikipinda unaikunja kwa kidole mpaka irudi kwenye sufuri. Lakini waliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, ya magari ya mizigo. Injini yangu yataka kama arubaini tu, na kwenye spana ile arubaini ipo mwanzoni kabisa, pale mistari imebanana. Huwezi kupima kibaba cha mchele kwenye mizani ya magunia. Ya ukubwa wangu hawakuwa nayo.

Naandika haya kwa haraka kwa sababu kuna jambo jingine. Mwanasha ameondoka.

Usishtuke, hatukugombana. Juzi alfajiri aliniona naizunguka ile injini iliyofunguliwa, nashika hiki, naweka kile. Akasema, "Baba Biasha, wewe tengeneza gari lako. Mimi sikuzaa na gari." Akafunga kitenge chake, akachukua ule mto mpya na mafuta ya kukandia, akapanda lori la dereva Boga lililokuwa likienda Lunga Lunga, njia ya Jego. Nikamkumbusha ada, kwamba msichana ndiye huja kwa mamake. Akanijibu akiwa juu ya magunia, "Nikifika mimi, kwa mamake si pale nitakapokuwa?" Biasha hawezi kurushwarushwa kwenye lori katika hali yake, mkunga wa huko amekataza. Lakini mamake aweza.

Tangu hapo nyumba imekuwa kubwa kupita kiasi. Nasikia kila gari linalopita barabarani, natoka nje, na si lolote. Naogopa, Abdurahman. Naogopa hasa, sioni haya kukwambia. Ile nyumba ya Jego iko mbali na hospitali, na gari ambalo lingemfikisha liko hapa uwani kwangu, tumbo wazi, limefunikwa mkeka. Naiacha barua kidogo, kuna mtu anabisha.

9 Februari.

Samahani, kalamu imebadilika na wino pia. Aliyekuwa akibisha alikuwa mtu wa kuuza nazi. Nilikaa siku mbili bila kuweza kuandika neno.

Leo baada ya sala ya adhuhuri lori la Boga lilisimama mbele ya mlango. Boga hakuzima injini, na alikuwa na uso wa kazi, sikuweza kusoma kitu. Nilisimama kizingitini. Alipiga kelele kutoka juu kule, "Mzee Mbwana! Mbona umekuwa mweupe? Lete kahawa, wewe ni babu!" Biasha amejifungua juzi usiku, mtoto wa kike. Uchungu ulikuwa mrefu, Boga alisema, na kulikuwa na saa ambayo watu wazima waliacha kuzungumza. Lakini Mwanasha alikuwa nyuma yake amemshika mabega tangu mwanzo hadi mwisho. Wote wazima. Nililia mbele ya Boga na utingo wake na sikujifuta.

Kwa hiyo sasa nakuomba hivi, na safari hii sikuulizi shauri. Ninunulie ile ya mshale. Kichwa chake kiwe cha nusu inchi ili kiingie kwenye soketi zangu, na namba zake zisiwe nyingi kupita mia, ili arubaini yangu ikae pale ambapo jicho linaiona vizuri. Tazama sindano imesimama kwenye sufuri kabla hujalipa. Kama wanayo iliyotumika na haijapigwa chini, chukua, sina kiburi. Hapo kwenu mawe ya mizani hayakosekani, basi itundikie uzito kabla hujaituma, nami nitaitundikia tena ikifika. Usione namdharau fundi wa reli. Nimezoea kupima mara mbili. Itume kwa treni mpaka Mombasa, nitaifuata mwenyewe kituoni. Bolti mpya zimekwisha kununuliwa, ziko kwenye karatasi ndani ya kabati, kavu, na ufunguo wa kabati ninao mimi.

Shangazi Mwanajuma anakusalimu, na anauliza lini utakuja umwone kabla macho yake hayajafunga kabisa. Garama, usiyemjua, anakusalimu kama fundi kwa fundi. Nisalimie Mwanarusi, umwambie amepata mjukuu na yeye, akubali uzee. Wabusu watoto. Mwenyezi Mungu akulinde huko ugenini, akupe riziki ya halali na afya, na akurudishe kwetu ukiwa na meno yako yote.

Mwanasha ameniagizia kwamba atakaa huko mpaka arobaini itimie, kisha niwafuate, na kwamba yeye hapandi tena juu ya magunia. Arobaini inaangukia kabla ya mfungo na kabla ya mvua za masika kuikata barabara. Ndiyo muda nilio nao. Nilikuwa na mtu mmoja wa kwenda kumleta. Sasa wananingoja watatu, na yule mdogo, Waziri ametuma kusema kwamba hawatampa jina mpaka babu yake afike.

Mimi nduguyo nikupendaye, nisiyekaa kitako,

Mbwana Matano