Papa Alisema "Nataka"

Maman,

Ni mimi Bahati, mutoto wako muzuri kuliko bote. Mudogo wangu Zawadi amesimama nyuma yangu anasema nifute hilo neno, lakini kalamu iko mukononi mwangu, si mwake. Usicheke maandishi. Shule niliiacha njiani, au yenyewe njo iliniacha, tulibishana sana juu ya hilo wewe na mimi. Lakini uende pale mupakani, Rusizi ya Kwanza, uulize nani anavusha magunia daraja huku anapiga mluzi. Watakutajia jina langu kabla hujamaliza kuuliza.

Nakuandikia kwa sababu Noeli imepita na sina muntu wa kunisifu. Papa anasifu kwa kukohoa. Nyogokuru anasifu kwa kusema chumvi imekosa. Kwa hiyo ukae vizuri, usikilize.

Habari za nyumba kwanza. Toka ututoke, Nyogokuru, mama ya Papa, ameshuka kutoka kule milimani kwenye mashamba ya chai, anakaa nasi. Kinyarwanda kimejaa mpaka ndani ya sufuria. Kiswahili chako tumebaki nacho watatu, na Papa hakuwa anakitumia. Hakutumia lugha yoyote. Anarudi kutoka kiwandani Bugarama na vumbi la simenti kwenye nyusi, anaoga, anakaa. Ukimuuliza kitu, "Eeh." Ukimuuliza kingine, "Eeh" ileile. Siku moja nilimuuliza kama naweza kuoa, akasema "Eeh." Maman, karibu nikuletee mukwe!

Halafu Desemba ikaingia. Kwa jirani taa zikaanza kuwaka na kuzima dirishani. Zawadi alikuwa anaziangalia, kidole mudomoni, akaniuliza bila kulia, kama muntu anayeuliza bei ya nyanya:

"Bahati, Noeli naye alikufa?"

Nikajua tu kwamba siku ile ikipita tupu, mutoto atashika hivyo mpaka azeeke.

Nikamfuata Papa mezani. Papa, nikasema, sikukuu imekaribia, tunafanya je? Akaweka kijiko chini. Akasema maneno mengi kuliko ya mwezi mzima: "Noeli hii, nataka kimya tu. Musiniulize tena." Akaenda zake chumbani. Nikabaki nimekaa kama gunia lililosahauliwa.

Sasa sikia ajabu. Nyogokuru alikuwa pembeni anachambua maharage. Kiswahili chake unakijua: anasalimu, anakataa bei, kimeisha. Katika yote aliyosema Papa, yeye alishika "Noeli" na "nataka". Na Kinyarwanda chao, wewe uliyekijifunza ukiwa bibi arusi unajua, gutaka si kutamani kitu. Gutaka ni kupamba. Mama muzee akafurahi mpaka maharage yakamwagika. Akaniambia kwa lugha yake: "Umesikia baba yako? Amesema Noeli hii anapamba! Sasa umekaa unangoja nini? Inuka, mupambe nyumba!"

Maman, ni wewe ulinifundisha mutoto hakosoi mukubwa. Mimi ni nani? Nikainuka.

Tawi la mti nilikata kwenye ua wa jirani. Nilimuomba, usinitolee macho. Tukalisimamisha ndani ya kopo la rangi, tukalijaza mawe. Zawadi alikuwa ameficha makaratasi ya bonbon, yale yanayofunga pipi, chini ya godoro, mekundu, ya kijani, ya dhahabu, akayafunga mojamoja kwenye uzi, yakaning'inia ukutani yanang'aa kuliko zile taa za jirani. Mabaloni nilipuliza mimi. Mapafu yangu unayajua, nilipasua mawili.

Na kreshi, ile ikirugu yako, kibanda cha kuzaliwa Yesu, tuliijenga kwa matete na majani makavu ya ndizi. Udongo tulichota kule chini karibu na ziwa, tukafinyanga batu. Yosefu wa Zawadi ameshika simu sikioni, anasema anatafuta maternite ya kuzalia yenye nafasi. Bafalme watatu ni kazi yangu, wamebeba magunia kichwani kama balipita Rusizi ya Pili, na yule wa mwisho anaangalia nyuma kama ametoka kukimbia douane, bale batu ba ushuru. Nyogokuru yeye alifinyanga ng'ombe. Ng'ombe, Maman! Pembe ndefu kama mikono ya padri anayebariki, mwili mukubwa kushinda nyumba yenyewe. Nikamwambia, Nyogokuru, hataingia. Akanijibu: "Basi mupanue nyumba. Mutoto wa mfalme azaliwe bila ng'ombe ya maana, watu watasema nini?"

Theluji niliifanya na unga wa muhogo. Nilijisifu sana kwa akili hiyo. Kuku wakaingia, wakala theluji yote, na mmoja akalala juu ya Maria Mutakatifu.

Sasa mandazi. Wewe ulikuwa hupimi. Ulikuwa unasema, "Ukande mpaka mukono useme basi." Mukono wangu haukusema kitu. Nilikanda, nilikanda, nikaungojea, kimya. Nikatupa ndani ya mafuta. Maman, yalitoka mawe. Ungeweza kuyapanga ukajenga nguzo ya daraja. Nyogokuru akalitia moja mudomoni, ananiangalia, anaangalia meno yake. Zawadi njo alikumbuka kwamba ulikuwa unaufunika ule unga na kikwembe chako cha maua, unatukataza kupita karibu tusiuamshe. Mimi nilidhani ilikuwa hadithi ya kutufukuza jikoni! Kumbe unga ulikuwa kweli unalala. Tukafunika, tukanyata kama bezi. Ya pili yakavimba kama mashavu ya Zawadi. Nilipakaa sukari, nikaweka na karanga za sukari iliyoungua kidogo, zile tulizokuwa tunakuibia ukijifanya huoni. Jusi ya marakuja, yale matunda ya pasheni, nayo, ndoo nzima. Usiniulize kwa nini ndoo.

Mukesha wa Noeli, jua lingali juu, Papa akarudi.

Akasimama mulangoni na simenti yake kwenye nyusi. Akaangalia makaratasi. Akaangalia mabaloni. Akaangalia ng'ombe. Mimi nilikuwa na trei mukononi, na miguu yangu ilikuwa tayari inatafuta mulango wa nyuma. Akauliza kwa sauti ya chini: "Nani amesema mufanye hivi?"

Nyogokuru akajibu kwa fahari, hajui moto unaowaka: "Si wewe mwenyewe? Ulisema pale mezani, 'Noeli, nataka'. Nilisikia na masikio yangu."

Papa alimuangalia mama yake. Aliniangalia mimi, na nikaangalia juu ya paa kama muntu anayetafuta mahali linapovuja. Akaelewa. Kitu kikaanza kwenye mabega yake. Nilifikiri ni hasira. Kilikuwa kicheko, Maman. Cheko lake lile la zamani, la kupiga ukuta na kiganja. Alicheka mpaka akakaa chini pale mulangoni, halafu kicheko kikageuka, kikawa kile kingine, na machozi yakapiga njia mbili ndani ya vumbi. Zawadi aliogopa, nikamshika. Tangu tukuzike sikuwa nimemuona analia. Nyogokuru akanung'unika, "Nimesema nini cha kuchekesha?" Papa akajifuta na kofia yake, akamjibu kwa Kinyarwanda, polepole: "Hakuna, mama. Ni kweli. Nilisema."

Nilisema! Alisema amesema! Mimi njo shahidi.

Halafu akainuka, akainama mbele ya ile ikirugu, akaisukuma na kidole kimoja. Ikalala upande. "Fundi nani hapa?" Nikajitokeza kifua mbele. "Haina musingi," akasema. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na simenti iliyobaki siku tulipotengeneza choo, na karai, na mwiko. Akakoroga. Maman, mume wako amejenga nyumba ya Yesu na simenti ndani ya salon yetu, sebuleni kabisa! Akapanua mulango ng'ombe ipite. Asubuhi tulipojaribu kuisogeza, imeshika sakafu, haitoki. Nyogokuru anauliza tutafagia namna gani. Papa anasema, "Mutazunguka."

Siku yenyewe, baada ya misa, batoto ba jirani balijaa. Tulicheza ule mchezo wako wa baloni, ile isiyoruhusiwa kugusa chini. Papa aliruka. Nakuapia. Muzee mwenye mafuta yake ya tumbo aliruka juu ya meza ndogo kuokoa baloni, akaikosa, akadai Zawadi amemsukuma.

Kitu kimoja tu nikwambie bila mchezo. Wimbo wa Noeli ulikuwa unauanza wewe. Mimi niliuanza, nikaushika juu sana kama jogoo. Papa akaushika chini kama ng'ombe. Katikati palikuwa pako, na hapakuwa na muntu. Zawadi alijaribu, sauti ikamkatika. Tukauimba hivyohivyo mpaka mwisho, juu na chini, na tundu katikati. Sijui kama kule ulisikia. Kama ulisikia, najua uliingia pale mahali pako, hata kama sisi hatukusikia.

Leo asubuhi nilikuwa nafunga kamba za viatu niende mupakani. Papa akaniita. Nikafikiri ni habari ya kazi. Akakohoa, akasema: "Bahati. Bonane, mwaka mupya, tunapika nini?"

Yeye aliuliza, Maman. Yeye wa kwanza.

Nikamwambia nitafikiria, kama mukubwa mwenye shughuli nyingi. Lakini nilipotoka nje nilikimbia mpaka barabarani, sikujua nakimbia kwa nini.

Basi nakuaga hapa, Zawadi anataka kalamu akuchoree Papa akiwa hewani. Ukae na amani mama yangu, usituhangaikie sana. Mimi mutoto wako mwenye mudomo mrefu nakuahidi hiki, na hiki si majivuno: sikukuu ikifika, katika nyumba hii muntu atawasha makaa. Mandazi yakitoka magumu, tutayalowesha kwenye chai. Yakiungua, tutakwangua. Lakini jirani watasikia harufu, na watajua kwamba kwetu kuna batu.

Ni mimi,
Bahati