Mwisho wa Komba Kofia

Bi Zuhura,

Mumeo sasa ni mtu mkubwa. Gari la sinema likija Mnazi Mmoja, shuka nyeupe ikitundikwa na watu wakikaa chini kama waalikwa wa karamu, anayeshika kipaza sauti ni mimi, Makame, na Unguja nzima hainiiti tena muuza kahawa.

Uwongo. Nilishika Ijumaa moja tu, na watu wa Bububu hata habari hawana. Lakini kama nisingeanza hivyo, ungejuaje kuwa ni mimi?

Kukuuliza hujambo naona haya, na nikikwambia mie sijambo utajua nadanganya. Sikai. Tangu ulipokwenda zako sina pahala pa kuliweka tako langu hili. Nikikaa barazani nasimama, nikisimama nalichukua dele la kahawa, nikishalichukua nauliza nilikuwa nakwenda wapi. Jana nimefagia ua, halafu nikaufagia tena, kuku wakanitazama.

Habari yenyewe ni hii. Komba Kofia, yule mwizi wa kwenye kitabu cha shule, mwenye kofia ya viua inayomfika machoni, wamemtia kwenye sinema. Si mtu kavishwa manyoya, la. Ni picha za kuchora, zinatembea, zinakonyeza, zinaanguka mnazini na kuinuka. Kila Ijumaa baada ya isha wanaonesha kipande kimoja, na wakifika pahala patamu wanazima, watu wanarudi makwao wamenuna mpaka Ijumaa nyengine. Watoto waliokuwa wakijazana ukumbini kwetu kukusikiliza ukimhadithia Komba, wote wako huko. Ningekasirika, lakini na mimi nnakwenda.

Picha zenyewe hazisemi Kiswahili. Bwana wa sinema, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata, husimama kando akaeleza, na hueleza kama anayesoma bei ya karafuu. Ijumaa ile sauti ikamkauka, akauliza nani anamjua Komba. Bi Mize jirani yetu akanisukuma mbele. Unamjua Bi Mize, hata siku ya msiba wako alikuwa akinisukuma.

Nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Nikasema paukwa, nikangoja. Watu wakaitikia pakawa. Nikaita hadithi njoo, wakajibu uwongo njoo, utamu kolea, tukaupeleka mwitikio wote taratibu, maana nani aanze hadithi hajaitikiwa? Kumbe sinema haina adabu, haingoji mtu. Kugeuka, Komba keshapanda, keshakimbizwa, keshatumbukia kisimani. Toka hapo maneno yangu yako nyuma na picha iko mbele. Mimi nasema sasa anambusu bibi yake mkono, kule kwenye shuka anamng'ata mbwa mkia. Watu walicheka mpaka wakalala chini. Bwana wa sinema hakucheka.

Halafu nikasema tembo. Kitabuni Komba anaiba asali, lakini kwako aliiba tembo la mnazi, ndiyo maana mwalimu wa chuo cha Kurani akaja kulalamika, nawe ukammiminia kahawa ukamwambia, "Komba hajasilimu, mwalimu." Basi niliposema tembo, wazee wazima walipiga makofi. Walikukumbuka.

Siku ya pili yule kijana akaja barazani. Watu wanamtaka mzee, kasema. Ijumaa hii ni kipande cha mwisho, atanipa kipaza sauti, ila nimalize kama picha inavyomaliza: Komba anakamatwa, anavuliwa kofia, anatiwa tunduni. "Watoto wapate funzo, mzee wangu." Nikamwambia hewalla.

Lakini siwezi, Zuhura. Uwanja mzima ukimwona tunduni, na mimi ndiye niliyefunga mlango kwa mdomo wangu, basi Komba wa kwako ndio keshakwisha. Hatakuwapo tena atakayemkumbuka yuko nje. Nataka kuusema mwisho wako. Na mwisho wako siujui. Kitabu chetu karatasi za nyuma zililiwa na mende, mbele yake ulikuwa unatunga mwenyewe, na kila ukifika huko mimi nshabeba dele, niko Malindi nagonga vikombe.

Nikaenda kuuliza. Bi Mize anasema Komba alioa, na mamake akaja kukaa naye, wakala pilau. Haji mchukuzi anaapa kwamba alimvisha mtoto yatima ile kofia, akaenda zake kichwa wazi. Fundi cherehani anasema wote wawili wapuuzi, Komba alisamehewa akafanywa mlinzi wa minazi ile ile aliyokuwa akiiba. Wakagombana barazani kwangu hata kahawa ikapoa. Haji akamwambia Bi Mize, "Wewe hata mwenyewe ulikuwa unasinzia." Bi Mize akamwambia, "Ningesinzia vipi, na wewe unalia mwanzo mpaka mwisho?"

Hapo nikaliweka dele chini, nikakumbuka. Haji alipokuwa akilia alikuwa ndio kwanza kafiwa na babake. Bi Mize mamake alikuwa kaachwa, karudi kwao. Fundi sijui aliiba nini, lakini alikuwa na uso wa kuiba. Mjanja wewe. Ulikuwa unatazama nani anaumwa wapi, ndipo unamaliza.

Sasa nnazunguka mji na miisho ya watu kichwani. Ya kwao ni ya kwao. Nikiisema Ijumaa nitakuwa nimevaa nguo ya kuazima. Natafuta wa kwangu, wa mtu aliyeachiwa nyumba na kuku.

Nnakuahidi, ukinipa, nitausema. Yule kijana akininyang'anya kipaza sauti nitapiga kelele kwa koo langu la kuuzia kahawa, na Komba hatalala tunduni mbele ya watoto wa mtaa wetu.

Ila na wewe utimize. Kila nilipokuwa natoka ulikuwa ukisema, "Nenda, mwisho utausikia ukirudi." Nikirudi unakoroma. Umeniweka hivyo umri mzima, bibi, na mimi sikukuamsha hata siku moja.

Kwaheri, Zuhura wangu. Mungu akupe nafasi huko ulipo. Lala. Lakini Alkhamisi usiku amka kidogo, unimalizie.

Makame